Kuujua Moyo Unapochafuka: Mwongozo Kamili wa Taamuli ya Kibuddha juu ya Hisia

Neno letu "hisia" hubeba mambo mawili ambayo Buddha aliyatenganisha kwa makusudi. La kwanza ni ladha ya papo hapo ya kila kinachotugusa, iwe ni sauti, harufu, maumivu ya goti au wazo linalopita: ama ni tamu, ama ni chungu, ama si tamu wala si chungu. Kwa Kipali, lugha iliyohifadhi mafundisho ya kale ya Wabuddha, ladha hiyo huitwa vedana. La pili ni hali ya moyo mzima inayofuata baada ya ladha hiyo kupokewa, kukataliwa au kupuuzwa: hasira, huzuni, wivu, hofu, furaha. Moyo wenye hali hizo huitwa chitta. Watu wengi wanaoanza taamuli, ambayo wengine huiita meditesheni, huchoka mapema kwa sababu hupambana na hili la pili ilhali mlango uko kwenye lile la kwanza. Hasira iliyokwisha kupanda ni moto ulioshika makuti. Ladha chungu iliyoitangulia ilikuwa cheche, na cheche mtu aliye macho huiona.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa hotuba ya Satipatthana, ambayo ni ya 10 katika mkusanyiko uitwao Majjhima Nikaya, na ambayo inasimuliwa kuwa Buddha aliitoa katika mji wa Kammasadhamma, nchi ya Wakuru, kaskazini mwa India. Hotuba hiyo inaweka misingi minne ya uzingativu: mwili, ladha, moyo, na mwisho mambo yanayotokea moyoni yakitazamwa kwa kufuata sababu zake. Mpangilio huo si wa bahati. Mwili unashikika kwa urahisi kuliko ladha, na ladha inashikika kwa urahisi kuliko hali ya moyo, kwa hiyo anayeruka hatua mbili za mwanzo ili aanze moja kwa moja na huzuni yake atajikuta anaiwaza huzuni badala ya kuitazama.

Neno lenyewe la uzingativu, sati, kwa asili linahusu kukumbuka. Si kukumbuka ya jana, bali kukumbuka kilichopo sasa hivi, kama mlinzi wa lango anavyokumbuka kwamba yuko langoni. Msomaji Mwislamu au Mkristo atauliza kama anatakiwa kubadili dini ili afanye haya. Hatakiwi, kwa kuwa hakuna anayeabudiwa katika kutazama pumzi. Lakini nisingependa kumficha kwamba kwa Wabuddha zoezi hili ni sehemu ya Njia ya Sehemu Nane, pamoja na kusema kweli na kupata riziki kwa haki, na lengo lake ni kukoma kwa mateso, si kupumzika tu baada ya kazi.

Kabla ya kukaa

Chagua mahali ambapo hutasumbuliwa kwa dakika 20 na wakati ambao unaweza kuurudia kila siku. Alfajiri hufaa kwa sababu siku haijaweka vitu vingi moyoni, ingawa mzazi mwenye watoto wadogo huenda akapata nafasi usiku pekee, na hilo halina ubaya. Keti juu ya mkeka ukiwa umekunja miguu na kuinua makalio kwa mto mgumu ili magoti yashuke, au keti kwenye kiti nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu. Mgongo uwe wima bila kukakamaa. Weka kengele ya simu kisha igeuze simu kifudifudi, ili usiwe unachungulia muda.

Kuna matayarisho mengine ambayo miongozo mingi huyaacha, nami nayaona makubwa kuliko namna ya kukunja miguu. Mfuasi wa kawaida wa Buddha hujiwekea kanuni tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Mtu aliyemdanganya mwenzake mchana hukaa jioni na moyo unaojitetea, na pumzi haiwezi kushindana na utetezi huo. Ukiona kila unapokaa jambo moja linarudi, jiulize kwanza kama liko deni la kulipa au neno la kuomba radhi, kisha ulimalize huko nje.

Hatua ya kwanza: pumzi

Peleka usikivu wako mahali ambapo pumzi inahisika wazi zaidi, iwe ni kwenye matundu ya pua au tumboni. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma aliyeishi kati ya 1904 na 1982 na ambaye mbinu yake imeenea duniani, aliwafundisha wanafunzi wake kutazama tumbo likipanda na kushuka, na wengi huona njia hiyo ni rahisi kwa anayeanza. Usiivute pumzi wala kuirefusha. Ikiwa ndefu, jua ni ndefu. Ikiwa fupi, jua ni fupi. Hotuba ya Satipatthana inatoa mfano wa fundi wa kukereza mbao, ambaye akivuta mvuto mrefu anajua kwamba amevuta mrefu, na akivuta mfupi anajua kwamba amevuta mfupi. Fundi huyo hasifu mvuto wala haulaumu. Mkono wake uko kazini na yeye yuko pamoja na mkono.

Moyo utaondoka, pengine baada ya pumzi tatu tu, na utakapogundua kwamba umeondoka, ugunduzi huo ndio sati yenyewe. Rudi kwenye pumzi bila kujikemea. Kwa wiki mbili za kwanza usifanye zaidi ya hapo. Najua hatua hii inachosha, na mimi mwenyewe niliiharakisha mwanzoni kwa sababu nilikuja na msiba moyoni nikitaka dawa ya haraka; ikanilazimu kurudi nyuma baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kila nilipoitazama huzuni nilizama ndani yake, sina hata kamba ya kushika. Pumzi ndiyo kamba hiyo.

Kuhusu nguvu ya kuweka, iko habari ya mtawa Sona, ambaye kabla ya utawa alikuwa hodari wa kupiga vina, ala ya nyuzi ya Kihindi. Alijitesa kwa juhudi hadi akafikiria kuacha utawa. Buddha akamuuliza kama vina ilitoa sauti nzuri nyuzi zilipokazwa mno, au zilipolegezwa mno. Aliyewahi kumtazama mpiga udi wa taarabu akirekebisha nyuzi zake kabla ya kuanza anajua jibu, na anajua pia kwamba urekebishaji huo hufanywa upya kila mara.

Hatua ya pili: mahali pa hisia mwilini

Pumzi ikishatulia kiasi, anza kuuliza mwili. Hisia kali hazikai hewani. Hasira hupasha joto uso na kukaza taya. Wasiwasi hubana kifua na kuvuruga tumbo. Huzuni huweka uzito kooni na nyuma ya macho. Aibu huinamisha shingo. Kiswahili kinajua haya tangu zamani, ndiyo maana tunasema roho inauma, moyo umeingia baridi, damu inachemka. Wewe usitosheke na msemo. Pita kichwani, shingoni, kifuani, tumboni na mikononi, utafute mguso wenyewe: joto, mkazo, mpigo, uzito, ubaridi. Ukiupata, kaa nao kwa pumzi kumi. Je, una mipaka? Unasogea? Unaongezeka pumzi inapoingia? Maswali haya hayahitaji majibu ya maneno; kazi yake ni kuuweka usikivu mwilini, mbali na hadithi ya nani alisema nini.

Hatua ya tatu: kuonja ladha

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa kuwa mafundisho yote juu ya hisia yanazunguka hatua hii. Kila mguso unaoutambua, uupe moja kati ya majina matatu: tamu, chungu, au si tamu wala si chungu. Mlio wa pikipiki nje: chungu. Upepo kwenye mkono: tamu. Kitambaa cha nguo begani: si tamu wala si chungu. Usiseme kwa nini. Anza na vitu vidogo vya mwilini na vya masikioni kwa siku kadhaa, halafu ongeza mawazo, kwa maana wazo nalo lina ladha. Jina la mtu mmoja likipita akilini huacha utamu, jina la mwingine huacha uchungu, kabla hujakumbuka hata jambo moja alilokutendea.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba kila ladha ina kitu inachokiamsha kwa mazoea. Ladha tamu huamsha tamaa ya kuishika. Ladha chungu huamsha chuki ya kuisukuma. Na ladha isiyo tamu wala chungu huacha moyo katika kutojua, ambako ndiko kuchoshwa kunakotufanya tufungue simu bila kuwa na haja nayo. Katika mnyororo wa sababu alioufundisha Buddha, ladha hutangulia na tamaa hufuata. Ladha huwezi kuizuia, maana sikio lenye afya litasikia tusi na tusi litachoma. Lakini kati ya ladha na tamaa, au kati ya ladha na chuki, pana nafasi, na anayetazama huifikia nafasi hiyo mapema zaidi kila anapozoea.

Hotuba nyingine inaeleza jambo hili kwa mishale miwili. Mtu asiyefundishwa akipatwa na maumivu hulia, hulalamika na kujipiga kifua, akawa kama mtu aliyechomwa mshale kisha akachomwa wa pili: maumivu ya mwili, na juu yake maumivu ya moyo. Kisha hukimbilia starehe, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kuyakwepa maumivu. Aliyefundishwa huchomwa na ule wa kwanza tu. Tazama kwamba hotuba hiyo haimwahidi mtu yeyote kinga dhidi ya mshale wa kwanza. Yeyote anayekuuzia taamuli kama njia ya kutoumia amekwenda mbali kuliko Buddha mwenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu ladha: hotuba ya Satipatthana inatofautisha utamu unaotegemea vitu vya dunia na utamu usiovitegemea, kama ule wa kutoa kwa ukarimu au wa moyo uliotulia. Huu wa pili haukimbiwi. Ukija, uutambue, uache ukae.

Hatua ya nne: kuipa jina hali ya moyo

Sasa waweza kuitazama hisia kubwa. Maneno ya hotuba hapa ni makavu kwa namna inayonifariji: moyo wenye hasira hujulikana kuwa moyo wenye hasira, na moyo usio na hasira hujulikana kuwa moyo usio na hasira. Vivyo hivyo kwa moyo wenye tamaa, moyo uliosinyaa, moyo uliotawanyika, moyo uliotulia. Haisemi moyo wenye hasira ulaumiwe, wala haisemi uhalalishwe.

Iseme hali hiyo kwa neno moja, polepole, ndani kwa ndani: "hasira, hasira", "hofu, hofu", "wivu, wivu". Mahasi Sayadaw alishauri kutaja hivyo kila kinachojitokeza mpaka kififie, ndipo urudi tumboni. Jina liwe la kweli. Wengi wetu tumelelewa kuona wivu ni aibu, basi tunauita hasira kwa sababu hasira ina heshima kidogo. Na wanaume wengi huiita huzuni yao uchovu. Jina la uongo halifungui kitu. Lugha yetu inatusaidia mahali hapa, kwa sababu tunasema "nina hasira", yaani niko pamoja nayo, au "hasira zimenipanda", kana kwamba zimetoka mahali na zitashuka. Shika maana hiyo kikamilifu: hasira imekuja, imeonwa, na anayeiona si hasira.

Ikiwa kutaja peke yake kunakufanya mkavu, chukua njia ya Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, ambaye alifundisha kuipakata hasira kama mama anavyompakata mtoto anayelia. Mama hamuulizi mtoto sababu kwanza. Humwinua, humweka kifuani, na sababu hujulikana baadaye: njaa, joto, au nepi imembana.

Hatua ya tano: kutazama sababu na mwisho

Baada ya kuitambua hali, uliza: imetoka wapi, inalishwa na nini, na inapoisha, imeishaje? Wabuddha hutaja vizuizi vitano vinavyofunika moyo, na hotuba moja huvieleza kwa mfano wa mtu anayetaka kujiona uso wake katika chombo cha maji. Tamaa ni maji yaliyochanganywa na rangi, hivyo kila kitu huonekana chekundu au bluu kwa kadiri ya unachokitaka. Chuki ni maji yanayochemka. Uzito na usingizi ni maji yaliyofunikwa na miani. Mahangaiko na majuto ni maji yanayopigwa na upepo. Shaka ni maji ya tope yaliyowekwa gizani. Nimeupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kila uchafu una dawa yake: maji yanayochemka huondolewa motoni, na moto wa hasira ni yale maneno unayoyarudia kichwani; maji ya tope huachwa yatuame; miani hutolewa kwa mkono, yaani anayesinzia na afumbue macho, asimame, aoshe uso, atembee. Kukaa kwa utulivu zaidi hakumsaidii anayesinzia, na kujilazimisha zaidi hakumsaidii anayehangaika.

Hisia inapozidi nguvu

Zipo siku ambazo kutazama hakutoshi. Hotuba ya 20 katika mkusanyiko wa Majjhima Nikaya inatoa njia tano, na imeagizwa zitumiwe kwa mfuatano. Ya kwanza ni kubadili unachokizingatia, kama seremala anavyotoa kigingi kikubwa kwa kupigilia kidogo: mwenye chuki ahamie kwenye metta, yaani kutakia heri. Jitakie wewe mwenyewe usalama na amani, kisha umtakie mtu unayemheshimu, kisha mtu usiye na neno naye, na mwisho kabisa, siku moyo utakapokuwa tayari, yule aliyekuudhi. Ya pili ni kutazama hasara ya wazo hilo, mpaka ulichukie kama kijana nadhifu anavyochukia mzoga uliofungwa shingoni mwake. Ya tatu ni kuacha kuliangalia, kama afumbaye macho. Ya nne ni kulipunguza mwendo: mtu anayekimbia hujiuliza kwa nini asitembee, anayetembea kwa nini asisimame, aliyesimama kwa nini asiketi. Ya tano, baada ya hizo zote kushindwa, ni kuuma meno na kuuzuia moyo kwa nguvu, kama mtu hodari anavyomshika aliye dhaifu. Tunapenda kuanza na hiyo ya tano. Iliwekwa mwisho kwa sababu.

Nje ya mkeka

Buddha alifundisha uzingativu katika mikao minne: kutembea, kusimama, kuketi na kulala. Tembea hatua 20 kwenda na 20 kurudi ukihisi kisigino, wayo na vidole. Halafu chagua tukio moja la kila siku ambalo hukuchafua, kwa mfano kubanwa ndani ya daladala au ujumbe wa mdeni anayeahidi kila wiki, na ulifanye kuwa mahali pako pa mazoezi. Ujumbe ukiingia, usijibu. Hisi nyayo zako sakafuni. Onja: chungu. Taja: hasira. Vuta pumzi tatu za kawaida. Kisha jibu, hata kama jibu lenyewe ni kali, kwa maana mtu anaweza kudai haki yake bila kuchemka. Jioni andika mistari miwili katika daftari: kilichogusa, ladha yake, jina la hali, na muda iliokaa. Baada ya mwezi utaona kwamba hali ulizodhani zilidumu siku nzima zilikuja na kuondoka mara nyingi, na kwamba ulizirudisha mwenyewe kwa kusimulia upya.

Kuhusu msiba, ninasisitiza kwamba taamuli si njia ya kukausha machozi. Aliyefiwa na alie, akae na ndugu, apokee rambirambi. Uzingativu kwake uwe wa muda mfupi, dakika tano za pumzi na mwili, basi. Na ikiwa ukikaa unarudishwa kwenye tukio la kutisha ulilopitia, au umepoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki nyingi, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, simamisha zoezi, mwambie mtu unayemwamini leo hii, na umwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili.

Mwalimu hurahisisha mengi. Dar es Salaam lina hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na jamii ya Wasinhala kutoka Sri Lanka mapema katika karne ya 20, na karibu na Entebbe kipo Kituo cha Kibuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Ukienda kwa mwalimu yeyote, usimweleze nadharia uliyosoma. Mweleze ulichokiona: ulikaa dakika ngapi, hisia ilianzia wapi mwilini, ilikuwa na ladha gani, ulifanya nini ilipozidi, na iliondoka vipi. Kwa maelezo hayo matano atajua aanzie wapi nawe.